Kabla Hujamchoma Mwanamichezo Sindano

Ukiwa na pesa na wikiendi moja ya nafasi, Marekani unaweza kuingia kozi ya sindano kavu siku ya Ijumaa na kutoka Jumapili jioni na cheti mkononi. Jumatatu asubuhi mkimbiaji mwenye paja lililokaza anapanda kwenye meza yako, naye ameshasikia kwamba siku hizi unachoma. Cheti kile hakisemi kama sheria ya jimbo inakuruhusu kutoboa ngozi ya mtu. Hakisemi kama daktari wa timu ameafiki, wala kama kampuni ya bima itasimama nawe pafu la kijana likitoboka. Anayeanza na kozi, basi, ameanzia mwisho.

Nawaandikia watabibu wa michezo wanaozungumza Kiswahili na kufanya kazi Marekani, na wale walio vyuoni wakiisomea kazi hiyo. Wanamichezo nao wanaweza kusoma wakijua la kuuliza. Tangu enzi za Henry Rono pale Washington State University, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, vyuo vya Marekani havijaacha kuchukua wakimbiaji kutoka Kenya, na mkimbiaji akishafika chuoni, mtu wa afya anayeonana naye karibu kila siku ni tabibu wa michezo.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, tabibu wa michezo si kocha, wala si mtu wa kukanda misuli tu. Ni mtaalamu wa afya anayefunga vifundo vya miguu kabla ya mechi, anayemkimbilia mchezaji akianguka, na kumsimamia wiki baada ya wiki mpaka arudi kucheza. Chama chao, NATA, kiliundwa Kansas City mwaka 1950, na mwaka 1990 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaitambua kazi hiyo kuwa taaluma ya afya. Leo anayeingia hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili kutoka programu iliyoidhinishwa na chombo cha ithibati, CAATE, kisha afaulu mtihani wa taifa wa bodi ya vyeti, BOC. Hiyo elimu si haba. Ila kufaulu mtihani huo hakumfanyi mtu kuwa mchoma sindano, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Sindano yenyewe ni nyembamba, haina tundu, ni ya aina ile ile inayotumika kwenye akupancha. Kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.25 na 0.30, na haibebi dawa yoyote. Inapitishwa kwenye ngozi mpaka kwenye uzi wa msuli uliokaza, pale penye fundo linalouma likibonyezwa. Ikifika penyewe, msuli hushtuka mara moja, kama mshipi unavyotikisika samaki akidonoa chambo. Waliochora ramani ya mafundo hayo ni Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Ikulu ya Marekani wakati wa John F. Kennedy, na mwenzake David Simons. Kitabu chao kilitoka mwaka 1983. Miaka minne kabla yake, Karel Lewit wa Chekoslovakia alikuwa ameandika kwamba nafuu wanayoipata watu wanaochomwa dawa kwenye mafundo hutokana kwa sehemu kubwa na sindano, si dawa.

Tafiti zinaonyesha nafuu ya maumivu, nyingi zikionyesha nafuu ya muda mfupi na ya kiasi. Mazoezi ya kurudisha nguvu bado ndiyo tiba yenyewe. Nakwambia hili mapema kwa sababu mtabibu anayeamini kwamba sindano hufanya miujiza huchoma pasipostahili kuchomwa.

Sheria kwanza, kozi baadaye

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayosema nani achome sindano kavu. Kila jimbo lina sheria yake ya kazi ya utabibu wa michezo na kanuni zinazotungwa na bodi yake. Kuna majimbo yanayoitaja sindano kavu kwa jina na kueleza mafunzo yanayotakiwa. Kuna yanayokataza kutoboa ngozi. Kisha kuna yale yaliyonyamaza, na hayo ndiyo yenye mtego, maana kila mtu hutafsiri ukimya kwa faida yake. Wewe utasema hawajakataza. Wakili wa mgonjwa atasema hawajaruhusu. California nayo ina hali yake ya pekee: ni jimbo ambalo kwa miaka mingi halikuwa na leseni ya watabibu wa michezo kabisa, wakati majimbo mengine yote yalishaweka utaratibu.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni la mtu kusema, "Kwetu wataalamu wa fiziotherapia wanachoma, kwa hiyo na sisi tunaruhusiwa." Sivyo. Ruhusa yao imo kwenye sheria yao, na yako itafutwe kwenye yako. Hata wao wenyewe hawakuipata kwa urahisi. North Carolina, bodi ya wataalamu wa akupancha iliishtaki ile ya fiziotherapia, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwishoni mwa mwaka 2018 iliamua kwamba sindano kavu inaweza kufanywa chini ya leseni ya fiziotherapia. Washington, mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni mwaka 2016 kwamba sindano kavu haimo kwenye mipaka ya kazi ya fiziotherapia kama sheria ilivyokuwa imeandikwa. Ikiwa watu wenye chama kikubwa na mawakili walisukumana hivyo, tabibu wa michezo mmoja kwenye shule ya sekondari asidhani atapita kimyakimya.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata senti moja ya kozi, fungua tovuti ya bodi ya jimbo lako na usome sheria na kanuni zake. Soma pia tamko lolote ambalo bodi imetoa kuhusu sindano. Ukimaliza, iandikie bodi. Usipige simu, andika, kwa sababu jibu la simu halina ushahidi. Barua isiwe ndefu. Sema una leseni ya utabibu wa michezo katika jimbo hilo, kisha uliza mambo manne: je, sheria inaniruhusu kuchoma sindano kavu, kama ndiyo, ni mafunzo ya saa ngapi, na ngapi kati ya saa hizo lazima ziwe za ana kwa ana, nani anayetambuliwa kutoa mafunzo hayo, na je, ninatakiwa kuwasilisha vyeti na kupata idhini kabla ya kumchoma mtu wa kwanza. Jibu likija, lichapishe na uliweke kwenye faili lako la leseni. Likichelewa, subiri. Kozi zipo kila mwezi, haziishi.

Kuna na upande wa sindano zenyewe. Tangu mwaka 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeziweka sindano hizi katika daraja la pili la vifaa tiba. Lazima ziandikwe kuwa ni za kutumika mara moja tu, na ziuzwe kwa wahudumu ambao jimbo limewatambua kuwa na sifa. Ikiwa jimbo halikutambui, hata hilo boksi la sindano ulilolinunua mtandaoni lina maswali.

Ukishapata jibu la bodi, nenda kwa daktari. Tabibu wa michezo hufanya kazi chini ya maelekezo ya daktari au kwa kushirikiana naye, na maelekezo hayo huwa yameandikwa. Sindano kavu lazima itajwe humo: misuli ipi, wanamichezo gani, nini kifanyike mambo yakiharibika. Daktari anayesema "wewe fanya tu, nakuamini" hajakusaidia. Mwombe atie saini. Mwajiri wako naye aulizwe, hasa kama ni chuo, kwa kuwa vyuo vina ofisi za sheria zenye kauli ya mwisho, na wapo wanaokataa jambo ambalo jimbo limeliruhusu. Wana haki hiyo.

Bima ni swali la mstari mmoja: "Je, bima yangu inagharimia madhara ya sindano kavu, ndiyo au hapana?" Wakikujibu kwa aya tatu zisizo na ndiyo wala hapana, hesabu kwamba ni hapana.

Halafu kuna safari. Timu za Marekani huvuka mipaka ya majimbo kila wiki. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya shirikisho inayowasaidia madaktari na watabibu wa michezo wanaosafiri na timu: huduma wanayoitoa kwenye jimbo la ugenini, ikiwa imo ndani ya mipaka ya leseni yao ya nyumbani, huhesabiwa kama imetolewa nyumbani, na bima yao huendelea kufanya kazi. Ni sheria nzuri, lakini haihusu huduma inayotolewa ndani ya hospitali au kituo cha afya cha ugenini, na sikushauri uitumie kama ngao ya kuchoma vifua na migongo hotelini. Ugenini, sindano inaweza kungoja mpaka mrudi.

Saa ngapi zinatosha?

Hapa ndipo mabishano yalipo. Kwa kuwa majimbo mengi yalianza kuandika kanuni za wataalamu wa fiziotherapia kabla ya kufika kwa watabibu wa michezo, kanuni hizo ndizo kipimo kinachotazamwa. Tazama tofauti. Arizona iliwataka wawe na angalau saa 24 za mafunzo. Maryland iliweka saa 80, nusu darasani na nusu kwa mikono chini ya msimamizi. Illinois ilikwenda mbali zaidi: mafunzo ya msingi, masomo ya sindano yenyewe, saa za vitendo, kisha angalau vipindi 200 vya kutibu wagonjwa chini ya usimamizi, na mtihani mwishoni. Mwili wa binadamu wa Arizona na wa Illinois ni ule ule. Kinachotofautiana ni woga wa watunga kanuni na nguvu ya waliokuwa wakiwapinga.

Wapinzani wana hoja. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilipitisha msimamo kwamba wasio madaktari wanaochoma sindano kavu wafikie viwango vya mafunzo na vyeti vinavyofanana na vile vya akupancha. Daktari anayetaka cheti cha bodi ya akupancha ya kitabibu husoma saa 300, na huyo alishapita chuo cha udaktari. Upande wa pili kuna uchambuzi uliofanywa mwaka 2015 kwa ajili ya shirikisho la bodi za fiziotherapia za Marekani. Ulikuta kwamba asilimia 86 ya maarifa yanayohitajika kuchoma sindano kavu kwa usalama tayari yamo katika elimu ya msingi ya fiziotherapia. Asilimia 14 ndiyo yanayotakiwa kujifunzwa upya.

Mimi nazisoma namba hizo kwa tahadhari. Kwanza, zilihusu fiziotherapia, si utabibu wa michezo, ingawa masomo ya mwili, ya majeraha na ya usafi yanakaribiana sana. Pili, asilimia 14 hiyo ndogo ndiyo inayotoboa mapafu. Ndani yake mna kina cha sindano, pembe yake, namna ya kuishika ngozi na msuli, na wapi usiguse kabisa. Kwa hiyo saa zako za ziada zisiende kwenye historia ya nadharia ya mafundo. Ziende kwenye mikono.

Ukichagua kozi, pita haraka kwenye picha nzuri za tovuti na uombe ratiba ya siku kwa siku. Kozi nyingi huuzwa kwa viwango, kiwango cha kwanza na cha pili, kila kimoja wikiendi ndefu. Uliza ni saa ngapi za kuchoma kwa mikono yako mwenyewe na ni wanafunzi wangapi kwa kila mkufunzi. Darasa la watu arobaini na wakufunzi wawili ni mkutano wa hadhara, si mafunzo. Uliza kama kuna mtihani wa vitendo, na kama mtu anaweza kufeli. Kozi ambayo hakuna aliyewahi kufeli inauza vyeti. Uliza kama wakufunzi wamewahi kufundisha watabibu wa michezo, na kama wataangalia leseni yako kabla ya kukupokea. Wakikupokea bila kuuliza unatoka jimbo gani, ujue wanavyowachukulia wagonjwa pia.

Nadharia ya mtandaoni haina ubaya. Soma nyumbani mpango wa misuli, mishipa ya fahamu na ya damu, ili saa za darasani zibaki za kuchoma. Lakini kozi ya mtandaoni peke yake, hata iwe na video nzuri namna gani, haifai kwa jambo hili, na bodi kadhaa hazizihesabu saa hizo.

Jambo moja linalochanganya watu: tangazo la kozi huandikwa kwamba mtoaji wake ameidhinishwa na BOC. Maana yake ni kwamba saa zake zitahesabiwa katika vipindi vya elimu endelevu, vile 50 unavyotakiwa kuvikusanya kila miaka miwili ili kuhuisha cheti chako. Haina maana kwamba jimbo lako limekuruhusu kuchoma. Ni mihuri miwili ya ofisi mbili tofauti.

Na wewe mwenyewe utachomwa. Katika kozi nzuri wanafunzi huchomana. Anayekataa kuchomwa, isipokuwa kwa sababu ya afya, sijui atamweleza vipi kijana wa miaka kumi na tisa namna maumivu yale yanavyokuja, yanavyovuta, na yanavyoisha.

Mbavu, na sehemu nyingine za kuogopa

Mwishoni mwa mwaka 2013, miezi michache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Sochi, mtelezaji wa theluji wa Marekani Torin Yater-Wallace alitobolewa pafu na sindano aliyochomwa kutibu maumivu ya mgongo. Alipona na akashindana Sochi mwaka 2014. Kisa hicho nawasimulia wanaoanza kwa sababu aliyechoma hakuwa mtu wa mtaani. Cheti hakizuii sindano kwenda ndani zaidi.

Chukua msuli wa juu ya bega, ule unaokaza kwa kila mtu anayekaa mbele ya kompyuta. Chini yake, karibu kuliko watu wanavyodhani, kuna ncha ya juu ya pafu. Ukichoma kutoka juu kuelekea chini unacheza na hewa. Namna salama ni kuubana msuli kati ya kidole gumba na vidole viwili, uuinue utengane na mwili, kisha sindano ipite ndani ya nyama uliyoishika tu, ikielekea kwenye vidole vyako vya upande wa pili. Sindano ndefu hapo haina kazi. Mkufunzi mzuri atakusimamisha kila mara unapolegeza vidole, maana vikilegea tu, msuli unarudi chini nawe hujui tena ncha iko wapi. Mazoezi ya kushika hivyo bila sindano yafanye mara nyingi kwa wenzako mpaka mkono uzoee.

Nyuma ya kifua, kati ya kombe la bega na uti wa mgongo, mtego ni ule ule. Mbavu ni kinga pale tu unapozijua ziko wapi. Wafundishao vizuri huweka vidole viwili juu na chini ya ubavu mmoja, kila kidole kikikaa kwenye nafasi iliyo wazi, na sindano hushuka kwenye mfupa uliopo katikati, si kwingineko. Kama mwanamichezo ana misuli minene kiasi kwamba huuhisi ubavu, usichome hapo. Hakuna msuli wa mgongo wa juu wenye thamani ya pafu.

Kwingine nitataja kwa kifupi. Chini ya mbavu za nyuma kuna figo. Kwenye kinena kuna mshipa mkubwa wa damu. Ndani ya makalio hupita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, na ukiugusa mtu ataruka kama aliyepigwa umeme mpaka kwenye unyayo. Pembeni ya goti, kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi, kuna mshipa wa fahamu ulio karibu na ngozi sana. Chini ya fuvu, nyuma ya shingo, si mahali pa mwanagenzi hata kidogo.

Kwa hiyo panga mwanzo wako hivi: miezi ya kwanza choma misuli ya upande wa nje wa paja na ya upande wa nyonga, ambako nyama ni nyingi na viungo vya ndani viko mbali. Shingo, kifua na mgongo wa juu viache mpaka kiwango cha pili na mpaka uwe na mtu mwenye uzoefu wa kukusimamia. Weka daftari la kila kipindi: tarehe, msuli, urefu wa sindano, kilichotokea, aliyesimamia. Hata kama jimbo lako halitaki vipindi 200, chagua idadi pamoja na daktari wako na usijipunguzie.

Usafi hauna maneno mengi, na watabibu wa michezo wanaujua. Kanuni ya shirikisho ya mwaka 1991 kuhusu magonjwa yanayoambukizwa kwa damu inamtaka mwajiri atoe mafunzo kila mwaka, awe na mpango ulioandikwa, na awape wafanyakazi chanjo ya homa ya ini aina B bila malipo. Nawa mikono, vaa glovu, safisha ngozi. Sindano ikitoka iingie moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha, bila kurudishwa kwenye mrija wake. Na uhesabu. Zilizoingia saba, zitoke saba, uzitaje kwa sauti. Chumba cha tiba kikiwa na wachezaji kumi wanaopiga soga, sindano moja kusahaulika nyuma ya paja si jambo la ajabu.

Kumwambia ukweli kabla ya kumchoma

Ridhaa si saini tu. Mwanamichezo aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba atachomwa, kwamba pengine ataona damu kidogo, atapata alama ya bluu au ataumwa kwa siku moja au mbili, na kwamba kuna hatari chache kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulifuatilia vipindi 20,494 vilivyofanywa na wataalamu wa fiziotherapia 420. Madhara madogo, hasa damu, alama za bluu na maumivu wakati wa kuchomwa, yalikuwa asilimia 36.7. Makubwa yalikuwa 20, yaani takribani moja kwa kila vipindi 1,024. Namba hizo mpe kama zilivyo. Anayesikia kwamba hakuna hatari yoyote hatakuamini tena siku atakapoona alama ya bluu.

Uliza dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito, ugonjwa wa damu, uvimbe wa limfu, maambukizi ya ngozi, mzio wa madini, na woga wa sindano. Mwenye woga asilazimishwe hata kidogo, na mwenzake wa timu asimcheke. Mchome mtu akiwa amelala, kwa sababu wapo mabaunsa wanaozimia kwa sindano moja. Kama ni mwanafunzi wa sekondari, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na iwe imeandikwa. Hapo watabibu wanaozungumza Kiswahili wana kazi ya ziada wanayoweza kuifanya vizuri: mama aliyehamia Minnesota au Texas kutoka Tanga au Goma anaweza kutia saini karatasi ya Kiingereza bila kujua mwanawe atachomwa nini. Mpigie, mweleze, msikilize akiuliza. "Mama, hii sindano haina dawa ndani, na Juma akisema hataki, hatutamchoma," inatosha kuanzia.

Usimchome mtu kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya mbio. Misuli huuma baada ya sindano, na mkimbiaji ambaye mwili wake hujaujua utajibu vipi hafai kujaribiwa kesho yake ikiwa na fainali.

Anayefikiri atarudi Kenya na ujuzi huu ajue kwamba cheti cha Marekani si leseni ya Kenya. Huko kazi ya fiziotherapia inasimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2014, na mtu huanza upya na bodi ya nchi husika kama alivyoanza na bodi ya jimbo.

Mwisho ni siku mambo yanapoharibika, na mpango wake uandikwe kabla ya sindano ya kwanza. Pafu lililotobolewa halipigi kelele kila mara. Dalili zinaweza kuja saa kadhaa baadaye, mchezaji akiwa bwenini: maumivu ya kifua anapovuta pumzi, kukosa pumzi, kikohozi kikavu, moyo kwenda mbio. Mwambie hayo kabla hajaondoka, umpe karatasi yenye namba yako na ya daktari, na umwambie kwamba akikosa pumzi apige 911 kwanza, wewe baadaye. Kama timu inapanda ndege jioni hiyo na amechomwa popote karibu na kifua, kisha akalalamika hata kidogo, haruki. Hewa iliyonaswa nje ya pafu hutanuka ndege inapopaa. Mtu ampeleke hospitali apigwe picha ya kifua, na wewe uwapigie simu madaktari wa huko kuwaeleza ulichoma wapi, kwa urefu gani, saa ngapi. Daftari lako litakuwa na majibu yote hayo, kama uliliandika siku ile ile.